Kidole Ndani ya Gobore

Juzi mjukuu wangu alipaka jembe jipya samli iliyochacha ili lisishike kutu masika haya, akaliegemeza ukutani juani. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Harufu ile ilinifikia kabla sijaliona jembe lenyewe, mikono yangu ikasimama. Mjukuu akauliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia ni jua. Kumbe nilikuwa nimerudi dukani kwa baba, Nyakasimbi, enzi za Mdachi, nina umri wa miaka tisa hivi, na mbele yangu limelazwa gobore linalong'aa mafuta.

Jambo hili sijapata kumwambia mtu. Ninyi mnaonisoma ndio wa kwanza, basi nisikilizeni kwa subira, maana nitaanza mbali kidogo.

Babu yangu alipanda bara na misafara ya pwani, akiuza nguo na shanga, akaoa hukuhuku Karagwe na safari ya kurudi ikamtoka akilini. Baba akarithi biashara. Duka letu lilikuwa chumba kimoja cha fito na udongo: kaniki, chumvi, sindano, shanga za rangi tatu, na kikapu cha buni za kutafuna ambazo mgeni alikaribishwa nazo hata kama hakununua kitu. Baba alivaa kanzu hata akienda kukata mkungu wa ndizi. Watu wa pale walimtania kwamba siku moja migomba itamwamkia shikamoo.

Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni jirani yetu, Ma Kokugonza, ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na chetu. Hakuwa na mtoto. Alinibeba mgongoni akipalilia, alinimenyea ndizi, na msimu wa senene alinikaangia za kwangu peke yangu, zimenyofolewa mbawa na miguu moja moja, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kudeka. Kwake nilijifunza Kinyambo kabla ya Kiswahili cha baba, na hadi leo nikiota, naota kwa lugha yake.

Mume wake, Ta Kaijage, alikuwa mwindaji wa tembo. Alivuka mto Kagera na wenzake, na misimu mitatu ya senene ikapita bila yeye wala mwenzake yeyote kuonekana. Kwa kuwa hapana aliyeleta habari ya kifo, Ma Kokugonza hakuwa mjane. Kwa kuwa hapana aliyeleta salamu, hakuwa mke hasa. Watu walimsalimia kwa sauti ya chini, kama wanaopita karibu na mgonjwa aliyelala.

Ndipo gobore likaja. Mpita njia mmoja alilileta dukani, akataka nguo na chumvi. Alisema ameliokota nyasini ng'ambo ya Kagera, akachukua vitu vyake na kwenda zake. Baba akalisugua kwa majivu, akalipaka samli, akalitundika nyuma ya mlango. Kesho yake Ma Kokugonza akaja kununua chumvi. Aliliona, na chumvi ikamwagika chini bila yeye kuangalia ilikoangukia.

"Baba Zainabu, hili umelitoa wapi?"

Baba akamweleza. Kisha akauliza taratibu, "Ni lake?"

"Sijui," akasema. "Nitajuaje mimi?"

Na kweli hakuwa na njia ya kujua. Katika desturi ya kwao mwanamke hakugusa silaha ya mumewe. Mkono wa mke, walisema, huifanya risasi ipotee njia. Kwa hiyo aliishi na gobore lile ndani ya nyumba miaka mingi akilifagilia pembeni, wala hajui kama kitako chake ni kizito au chepesi. Alijua sauti yake tu, likilia mbali porini.

Baba hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati. Alisema gobore ni kama mtu, lina nasaba, na nasaba huulizwa. Alianza na herufi za Kizungu zilizochongwa juu ya mtambo. Yeye alisoma Kiarabu tu, kwa hiyo aliligeuza gobore juu chini mara kadhaa kana kwamba upande mwingine herufi zingetii. Karani mmoja aliyekuwa akipita kwenda Bukoba akatusaidia: ni jina la mji wa Ulaya, akasema, mji wa mafundi wa bunduki, na jina la fundi mwenyewe limeliwa na kutu. Baba akafungua kasiba, lile bomba la risasi, na chini yake, palipofichwa na mti, tukakuta alama ya Kiarabu iliyochomwa kwa moto. Baba aliitambua mara moja. Ilikuwa alama ya tajiri mmoja wa pwani aliyefuatana na babu, ambaye alileta magobore mengi na kuyabadili kwa pembe. Baba yake Ta Kaijage alikuwa miongoni mwa waliobadilishana naye.

Nilidhani kazi imekwisha. Baba akatikisa kichwa. Tajiri alikuwa ametia alama ile kwenye magobore yake yote, na kwa alama hiyo peke yake hakuna awezaye kumzika mtu.

Ikabaki njia moja. Ma Kokugonza alikumbuka kwamba gobore la mumewe lilipata kupasuka karibu na mtambo, likatengenezwa na mhunzi wa Rugu. Baba akapanga twende huko sote watatu.

Jioni kabla ya safari nilimsikia baba akizungumza naye uani. Kama gobore ni la Ta Kaijage, alisema, basi huyo ni marehemu, maana mwindaji hatupi bunduki yake akiwa hai. Atafanyiwa matanga, na matanga yakiisha, yeye mjane atarithiwa na shemeji yake wa kijiji cha Kimuli, aende kuwa mkewe huko, kama ilivyo desturi. "Ni mtu mwema yule," baba akasema. "Ana watoto wanaohitaji mama. Na kilio, Ma Kokugonza, kina mwisho wake. Kungoja hakuna."

Mimi sikusikia neno kilio wala neno mwema. Nilisikia Kimuli. Niliposikia Kimuli niliona mgongo wa Ma Kokugonza ukiondoka na njia ikibaki tupu.

Rugu tulifika jua limeinama. Mhunzi alikuwa mzee mwenye kifua kipana, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe kwa miaka ya kutazama moto. Aliweka gobore mapajani akalipapasa polepole, akalinusa, akauvuta mtambo na kuusikiliza ukirudi. Vijana wake waliacha kuvukuta. Ma Kokugonza alikaa chini kwenye majani, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Kiraka cha chuma kipo ndani," mzee akasema. "Huenda nilikiweka mimi, huenda ni mwingine. Mimi kila kazi yangu naitia alama pale ambapo mwenye mali haoni. Alama ya mhunzi ikionekana na kila mtu, mkono wake hurogwa. Mistari mitatu, na wa nne mfupi. Lakini kidole changu kimenenepa, hakiingii tena." Akageuza yale macho meupe upande wangu. "Mtoto yupo? Wa kike? Si neno, huyo bado hajawa mwanamke. Lete kidole, mwanangu."

Akaniongoza mkono hadi kwenye tundu kando ya mtambo. Tundu lilikuwa jembamba, lina ubaridi, mafuta ya samli yameganda ukingoni. Kidole kilipita kwenye mti, kikagusa chuma, kikasogea. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Na wa nne, mfupi, kama kovu la mwiba.

Nilikaa na kidole mle ndani. Naikumbuka pumzi ya mzee karibu na sikio langu, na baba akijifuta jasho kwa mkono wa kanzu. Ma Kokugonza hakuwa akiniangalia mimi. Aliangalia ardhi, na midomo yake ilikuwa ikitembea.

"Hamna kitu," nikasema. "Ni laini."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta, babu. Ni laini tu."

Mhunzi aliushika mkono wangu ulipotoka, akaushika muda mrefu. Nikadhani anausikiliza kama alivyousikiliza mtambo. Kisha akauachia. "Si kazi yangu basi," akasema. "Mtoto hana haja ya kudanganya juu ya chuma."

Ma Kokugonza akalia kwa furaha. Alikichukua kidole changu, kikiwa bado kimechafuka, akakibusu. Njia nzima ya kurudi alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa kama mimi, wala hakuchoka. Nilikuwa na furaha. Sitawadanganya tena: nilikuwa na furaha kupita siku yoyote ya utoto wangu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Kwanza ilikuwa mambo madogo: alianza kuacha mlango wa nyumba wazi mchana kutwa, hata mvua ikinyesha upande huo. Akawa anauliza kila msafara. Mtu akikohoa njiani, yeye aliacha chungu motoni na kwenda mpaka ukingo wa kibanja. Baba aliliuza gobore kwa mtu wa Mpororo, ili Ma Kokugonza asilione tena, lakini haikusaidia kitu. Mimi nilikuwa nalisikia. Nikishona, nikimenya ndizi, mistari ile ilikuwa chini ya ncha ya kidole changu, mitatu na wa nne mfupi, na nilikisugua jiweni mpaka kikatoka damu.

Nilipokuwa mwari, mgane mmoja wa palepale, mkulima mpole mwenye kahawa nzuri, alitaka kumuoa Ma Kokugonza. Nilimwombea Mungu akubali. Alimkatalia kwa heshima zote. "Mume wangu yu hai," alimwambia mbele yangu. "Muulize huyu. Kidole chake ndicho shahidi." Yule bwana akanitazama. Nami, mtu mzima niliyekaribia kuolewa, nikainamisha kichwa kama anayekubali.

Nilidhani uongo wangu ulikuwa wa mapenzi. Nimechelewa kuelewa kwamba nilimzuia yeye ili mimi nisiachwe. Nilimnyima matanga, nikamnyima watoto wa Kimuli ambao wangemwita mama, nikamnyima hata haki ya kunyoa nywele na kulia kwa sauti. Na Ta Kaijage, ambaye mifupa yake ilikuwa nyasini mahali fulani, nilimnyima mtu wa kumlilia.

Ma Kokugonza alifariki mwaka mmoja baada ya vita vya Wazungu kwisha, mchana, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote, yamefika kooni. Yeye akanitangulia.

"Zainabu, wewe ndiye peke yako unayejua kwamba yuko hai," akasema. "Wengine wananikubalia kwa huruma tu. Kwa hiyo nakuachia wewe. Akija, asikute nyumba haina mtu. Mwambie nilimngoja. Mpe maji kwanza, ndipo umwambie."

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

Kibanja kile alinirithisha mimi, na ndiko ninakoishi. Baba amekwenda, mume wangu amekwenda, watoto wamejenga kwao. Najua Ta Kaijage alikufa zamani, nalijua hilo kwa kidole changu mwenyewe. Lakini mtu akibisha hodi mchana, natoka na kata ya maji mkononi kabla sijauliza ni nani.