Maandishi ya Pikapu ya Mnunuzi wa Samaki

Miaka ya tisini kazi yangu ilikuwa kuandika maandishi ya rangi kwenye magari, pale Sori, kando ya ziwa. Siku moja mama yangu alipeleka samaki mkubwa aina ya mbuta kwa mnunuzi mmoja aliyetoka mbali, mtu ambaye mizani yake sote tuliishuku. Mama akamuuliza, "Mbona mizani haisuki?" Alitaka kusema haishuki, lakini ndimi zetu za Kijaluo hazina "sh".

Mnunuzi akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, mizani haisuki. Wanaosuka ni wasichana wa saluni."

Vibarua wake wakacheka pia. Mama akapokea alichopewa, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na sikusahau.

Baadaye mnunuzi yule aliniletea pikapu yake. "Fundi, niandikie kwa Kijaluo, 'Mimi ni rafiki yenu,' ili hawa kina mama wanipende." Miaka yote aliyokaa kwetu hakujisumbua kujifunza hata neno moja. Nikachukua brashi, nikaandika juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu: AN JAKUO. Mimi ni mwizi.

Kutoka Sori hadi Homa Bay watu walimpigia makofi, naye akawajibu kwa honi. Hakuna aliyemwambia. Mizani ile ilikuwa imewapunja wengi.

Rangi ilipofifia alirudi akitabasamu. "Fundi, yale maneno yana bahati. Yaandike tena, makubwa zaidi."

Niliyaandika makubwa hivi kwamba mama aliyasoma akiwa mlangoni kwake.