Mtu wa Ngazi ya Nne

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuiacha nyuma na kila mara naikuta imenitangulia. Nilisimama ukingoni mwa shimo la shaba, nje kidogo ya Kolwezi, nikapiga picha ya ukuta mtupu wa udongo na mawe. Macho yangu hayakuona mtu pale. Picha ilipotoka, mtu alikuwapo.

Umeniuliza ununue lenzi gani ya kuvuta mbali: ile yenye jina la kiwanda kilichotengeneza kamera yako, au ile ya kiwanda kingine, inayoingia kwenye kamera hiyo hiyo na ambayo wenzako wanaicheka. Nimekaa na swali lako siku mbili. Ulitaka jibu la neno moja, nami sina neno moja. Nina habari ya wakati nilipokuwa na umri wako, na kiburi kukuzidi.

Baba yangu alikuwa muuza vitenge, mtu wa Kasongo aliyehamia Kolwezi na familia yake. Mimi nilikulia katika studio ya mjomba wangu huko Manika, mtaa mmoja wa Kolwezi. Pale nilijifunza kusafisha filamu, na nilijifunza kurembesha nyuso: kumwondolea bibi harusi kipele kwa ncha ya wembe na brashi nyembamba, kumpa karani shati jeupe kuliko alilovaa. Baadaye nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya upimaji ya mgodi. Mpiga picha wao alipohama, mkuu wa ofisi akanikabidhi kamera. Ilikuwa miaka ya Zaïre, tukiitana sitwayen na sitwayene, yaani raia mwanamume na raia mwanamke, na mwanamke kubeba kamera ya mgodi kulifanya watu wageuze shingo. Nami, nisikufiche, nilipenda zigeuke.

Kazi ilikuwa hii. Kila Ijumaa saa tisa alasiri nilisimama ukingo wa magharibi, jua likiwa nyuma ya bega langu, nikapiga picha ya ukuta wa ng'ambo. Ukuta wa shimo hukatwa ngazi ngazi, kila ngazi ndefu kuliko nyumba. Picha ya wiki hii hubandikwa kando ya ile ya wiki iliyopita, ili wapimaji waone kama ardhi imesogea. Chini kabisa, miguuni pa ukuta ule, kulikuwa na pampu ya maji na mlinzi wake, Mlunda mmoja aitwaye Kapend. Kila aliponiona nikisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, alivua kofia akanipungia. Sauti yake sikuwahi kuisikia. Kwangu alikuwa nukta yenye mkono.

Lenzi ya ofisi, ya jina kubwa, iliingiwa na maji ya mvua. Ikapelekwa Lubumbashi kutengenezwa, haikurudi. Mfanyabiashara wa huko alikuwa na nyingine ya jina lile lile, fupi kidogo, na ya kungojewa miezi. Hapo kaka yangu Ramazani, aliyekuwa dereva wa lori la Zambia, akarudi na moja kutoka Kitwe. Ndefu, nzito, unavuta pete yake kwa kiganja na kitu cha ng'ambo kinakuja hadi puani. Lakini jina lililoandikwa juu yake hakuna aliyewahi kulisikia. Ofisi ikaichukua. Mimi nikabandika utepe mweusi juu ya jina lile, wageni wasilisome.

Ofisini mwetu alikuwamo Tata Mwepu, tata yaani baba, mpimaji mkongwe kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa kusali asubuhi na kunyamaza mchana. Aliishika lenzi ile, akaitazama upande wa jua na upande wa kivuli, kisha akaniambia:

"Zaina, hii kitu hatuijue. Kwanza upige nayo ukuta wa matofali, kule kwa depo. Asubuhi, na saa tisa. Ujue fasi yenye inadanganya na fasi yenye inasema kweli."

Nikasema ndiyo, tata, nitatafuta mahali inapodanganya. Sikufanya. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Mimi ila za nyumba ile nilikwisha kuzihesabu nikiwa bado mlangoni: haina jina, basi ni mbovu.

Sasa turudi kwenye ile Ijumaa. Niliingia chumba cha giza, nikawasha taa nyekundu, nikatumbukiza karatasi katika dawa. Ukuta ukaanza kuota taratibu, ngazi baada ya ngazi. Kwenye ngazi ya nne kutoka juu akatokea mtu. Mwembamba, mweusi, mikono imebanwa ubavuni, hana uso. Nikachukua kioo cha kukuza. Alizidi kuwa mtu. Nikatazama negativu, ambamo giza hugeuka mwanga, na humo alikuwa mweupe, kama aliyevikwa sanda.

Jumatatu nikamuuliza mlinzi wa njia kama kuna anayepita ngazi ya nne.

"Pale?" akasema. "Njia ilikatika tangu wakati ya mvua. Hata mbuzi haipite, mama."

Hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa, mwanangu, nawe ulitazame vizuri. Mimi sikuogopa mzimu. Niliogopa kuchekwa. Nikajiambia: ni lenzi ya Ramazani hiyo, inazua vivuli. Na kweli lenzi huweza kuzua vivuli, hata zenye jina, mwanga wa jua ukiziingia kwa mbele. Lakini jua langu lilikuwa nyuma. Hilo nililijua, nikakataa kulijua. Nikatoa wembe, nikamkwangua yule mtu kwenye karatasi, nikapaka rangi ya kijivu juu yake, na picha ikaenda ofisini safi kama uso wa bibi harusi.

Ijumaa ya pili alikuwa amerefuka. Nikamkwangua. Ijumaa ya tatu kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, kama anayesikiliza kitu chini ya miguu yake. Nikamkwangua. Siku zile akina mama waliouza bukari, ugali wetu, ukingoni walianza kusema kwamba adhuhuri, mashine zinapozimwa watu wakale, husikika ndani ya ardhi kama mtu anayesaga mahindi juu ya jiwe. Polepole, bila haraka. Mmoja wao alibeba sufuria yake akahamia ng'ambo nyingine, hakurudi. Mitaani wakasema shimo linadai mtu. Niliwacheka, maana nilijiona msomi. Hata hivyo Ijumaa ya nne, nilipoinama kwenye kamera, niliona joto tu likitetemeka juu ya mawe, na shingo ikanisisimka. Nilijihisi kama ndiye ninayetazamwa.

Ijumaa ya tano walikuwa wawili.

Yule wa kwanza pale pale pake, mrefu sasa kuliko ngazi yenyewe. Wa pili alisimama chini, karibu na miguu ya ukuta, mfupi, na upande wake mmoja kama mkono ulioinuliwa. Nikakwangua kwa haraka hata wembe ukatoboa karatasi. Ikabidi nichape nyingine asubuhi ya Jumamosi.

Nilipoipeleka, Tata Mwepu aliichukua akaiendea dirishani. Akaiinamisha huku na huku. Karatasi ya picha ina mng'ao, mwanangu, na wembe ukipita mng'ao hufa. Akaweka kidole juu ya lile doa, akauliza kwa upole kwa nini karatasi inaumwa pale. Akaomba negativu zote tano. Akazipanga juu ya kioo chenye taa, na wale watu weupe wakasimama mstari, kila mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Nani alikutuma kufuta hivi vivuli?" akauliza.

"Hakuna, tata. Niliona haya kwa ajili ya lenzi."

"Ulipiga ule ukuta wa matofali?"

"Hapana, tata."

Hakunikaripia. Alichukua kamera mwenyewe, tukaenda depo, ghala la mgodi, tukapiga ukuta wa matofali kwa urefu wote wa lenzi, tukarudi kusafisha. Pembeni palikuwa na ukungu kidogo, matofali ya ukingoni yalilegea. Katikati kila tofali lilikuwa tofali. Hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu. Lenzi ilikuwa inasema kweli wiki tano, na mimi ndiye niliyekuwa nikiizibia mdomo.

Saa tisa ilikuwa imekaribia. Tata Mwepu akabeba chombo chake cha kupimia hadi ukingo wa magharibi. Yeye alizoea kupima asubuhi, hewa ikiwa imetulia; asubuhi ukuta ule wote huwa kivulini, na alama zake zilikuwa kwenye ngazi nyingine. Safari hii alitazama na jua langu la alasiri. Akatazama sana. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Si mutu. Ni ufa."

Giza la ndani ya ufa ndilo lililosimama kama mtu. Ufa ulipopanuka, mtu alirefuka. Mwamba ulipolegea, kichwa kikainama. Lenzi ya zamani isingefika mbali hivyo.

King'ora kikalia. Malori yakapanda, wachimbaji wakapanda, wengine wakinung'unika kuwa zamu haijaisha. Lakini pampu ilinguruma, na Kapend aliyekuwa kando yake hakusikia. Dereva mmoja akageuza gari ili akamfuate. Mimi nilibaki ukingoni, mahali pangu pa siku zote, nikapanda juu ya jiwe na kupunga mikono yote miwili nikimwambia akimbie. Kapend akaniona. Akavua kofia. Akanipungia.

Nilizidi kupunga, naye akazidi kunijibu, akifurahi nadhani, maana sikuwahi kumsalimu kwa bidii namna ile. Gari lilikuwa nusu ya njia ukuta uliposhuka. Haukuanguka kwa kishindo nilichokitarajia. Ulikaa chini, kama mzee anayekaa, na vumbi jekundu likainuka likatufunika. Lilipotulia, hapakuwa na pampu.

Dereva alipona. Kapend walimtoa siku ya tatu.

Kuna methali ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta. Watoto huikariri shuleni kwa sauti nzuri. Mimi nikiisikia huondoka.

Tata Mwepu alinipa siku moja ya kulia, kisha akaniambia nibebe negativu zangu, niende mbele ya wakuu, niseme mwenyewe. Nilisema. Nikarudishwa kwenye taipu, na nilistahili zaidi ya hapo. Matangani nilienda kwa mjane wa Kapend, nikapiga magoti nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mumewe alikuwa akirudi nyumbani kila Ijumaa akiwaambia watoto kwamba leo amepigwa foto. Akaniomba moja tu, ya kuweka ukutani.

Nilipekua filamu zote. Humo hamkuwa na hata moja ya Kapend. Nilikuwa nikilenga juu yake daima, pampu ikibaki nje ya picha. Na juu ya yule mtu wa pili, yule mfupi wa chini, niliwauliza wahandisi mara mbili. Walisema ufa ulikuwa mmoja. Tata Mwepu aliitazama negativu ile ya tano siku nyingi, kisha akanirudishia, na alikufa bila kuniambia alichokiona. Mjane sikumpa picha ile. Sikujua ningempa nini.

Kabla ya kustaafu, Tata Mwepu aliniambia jambo moja nami nakupa kama alivyonipa: "Lenzi haikukosa. Wewe ulisoma jina, haukusoma foto."

Basi mwanangu, kama una uwezo wa ile yenye jina, inunue bila kujivuna. Ina fundi, ina soko siku ukitaka kuiuza, na itaelewana na kamera yako miaka mingi. Kama mfuko wako unafika kwenye ile nyingine, inunue bila aibu, lakini kwa muuzaji atakayekubali uirudishe. Na iwe ipi kati ya hizo mbili, ilaze nyumbani kwako kabla ya kuitegemea. Piga nayo ukuta wa matofali, karibu na mbali, jua mbele na jua nyuma, uandike inapolegea. Hakuna lenzi isiyo na ila. Iliyopo ni ile ambayo ila zake unazijua. Siku ikikuonyesha kitu usichokitaka, utajua mara moja kama ni kioo au ni dunia. Na kama ni dunia, usishike wembe. Mpelekee mwenye kujua, siku ile ile, hata kama watakucheka. Kicheko hupita, mwanangu, na mficha maradhi kilio humfichua.

Mungu akupe jicho lisilodharau na moyo usioona haya mbele ya kweli. Unaowapiga picha uwajue majina, nao wakujue. Na kila utakayempungia mkono kwa mbali, Mungu amfikishe kwake salama. Amina.