Ukuta wa Chale

Mama yangu alikuwa na ufunguo wa nyumba ambayo haikuwa yake. Ilikuwa nyumba ya mawe na chokaa huko Frere Town, Mombasa, ya vyumba vitatu, iliyojengwa zamani wakati misheni ilipowapokea watu waliotolewa kwenye vyombo vya watumwa vilivyokamatwa baharini. Ilikwisha kuachwa tangu kabla sijazaliwa. Mama na wanawake wenzake kama wanane waliifagia, wakatia vitanda viwili vya kamba, sanduku la bati, jiwe la kusagia, na picha za watu wa kwanza wakiwa wamevaa nguo za misheni na kukaza nyuso. Kila Jumamosi asubuhi walifungua mlango, na watoto wa shule za Kisauni waliletwa kwa mstari kuitazama. Hakuna aliyelipwa. Mwenye ufagio alileta ufagio, mwenye sukari akaleta sukari.

Lakini picha na sanduku sivyo vilivyomfanya mama aamke mapema Jumamosi. Chumba cha nyuma kilikuwa na ukuta mmoja ambao haukupakwa chokaa kamwe. Wengi wa wale waliotolewa majini walikuwa watoto wadogo, hawajui kijiji chao kinaitwaje wala kiko upande gani wa dunia. Majina waliyokuja nayo yalibadilishwa wakapewa ya kwenye Biblia. Kitu pekee walichobaki nacho cha kwao ni chale walizochanjwa usoni. Basi walipokua, kila mmoja alichukua msumari akachora chale zake ukutani, ili asiyejua kusema alikotoka angalau awe ameandika.

Za bibi yake mama zilikuwa karibu na dirisha. Mama aliwashika watoto wa shule mkono, mmoja mmoja, akawapitisha kidole ndani ya mikwaruzo ile. "Hapa ndipo kwao," aliwaambia. "Siku moja atakuja mtu azijue." Aliyasema hayo miaka yote niliyomjua, na mimi nilikuwa nikitazama nje ya dirisha.

Niseme wazi kwa nini. Shuleni, msichana akitaka kunichoma aliniita mateka. Neno hilo lilitosha. Huwezi kulijibu kwa sababu ni kweli, na yule anayelitupa anajua kuwa ni kweli. Nilisoma kwa hasira, nikawa mwalimu wa msingi, nikajifunza kutembea kama mtu ambaye babu zake walikuja Mombasa kwa miguu yao na kwa hiari yao. Kisha kila Jumamosi mama yangu mzazi anawafungulia watoto ninaowafundisha mlango na kuwaonyesha ushahidi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini kiwanja kilinunuliwa. Mwenye hati mpya alitaka kubomoa ajenge vyumba vya kupangisha. Mama akaniketisha chini, akanisomea maneno kutoka kichwani mwake, nami nikaandika barua kwa ofisi ya serikali ya mambo ya kale: njooni muitazame nyumba hii, mkiiandika kuwa ya kumbukumbu haitavunjwa. Jibu lilikuja kwa sanduku la posta la shule yetu. Wangekuja kuikagua Jumamosi ya wiki ile ile. Mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda Rabai kwa binamu yake mzee, akijaribu kuokota hadithi zozote za bibi yao kabla binamu hajazisahau zote. Nikampelekea habari arudi Jumamosi asubuhi. Nikabaki na barua, na siku nne.

Mwalimu mkuu aliposikia alifurahi mno. Angekuja yeye, walimu wote, na wazazi. Usiku ule sikuona barua wala maofisa. Niliona walimu wenzangu wamepanga mstari mbele ya ukuta ule, wakigeuza shingo polepole kunitazama usoni.

Kwetu, mgeni akija, nyumba hupakwa chokaa. Hiyo haina mjadala. Hata maskini wa mwisho atatafuta chokaa na brashi, maana ukuta mchafu ni tusi kwa mgeni. Kwa hiyo wanawake walipokusanyika Alhamisi na ndoo zao, hakuna aliyeshangaa. Walipaka chumba cha mbele, wakapaka cha kati, wakiimba na kutaniana. Walipofika cha nyuma wakasimama.

"Na huu, mwalimu?" mmoja akauliza. "Huu si huwa hauguswi?"

Ukuta ule ulikuwa umeliwa na chumvi, unamwaga unga sakafuni. Ningeweza kusema nao ufagiliwe tu.

"Mama amesema kuta zote," nikajibu. "Wageni hawa si wa kawaida."

Waliniamini, kwa nini wasiniamini? Nilikuwa binti yake, na mwalimu. Chokaa peke yake isingeshika kwenye unga ule, kwa hiyo nilikuwa nimemwita fundi, mzee mmoja wa Likoni aliyefanya kazi za mawe maisha yake yote, aje na saruji. Aliingia, akauinamia ukuta, akaupitishia kiganja. Kisha akaweka mwiko wake chini.

"Mwalimu, ukuta huu una mambo yake. Wallahi, hii si mikwaruzo tu. Kuna mtu alikaa hapa akachora."

"Ni utundu wa watoto, mzee wangu. Kwangua upige lipu."

Alinitazama kidogo. Halafu akachukua tindo, akakwangua. Niliusikia mchanga ukianguka, na sitasema uwongo hapa pia: nilipata raha. Nilijiambia nyumba itaokoka, tena itaokoka ikiwa nadhifu, nyumba ya wasomi wa kwanza na Wakristo wa kwanza, bila aibu ndani yake. Jioni saruji ilikuwa imelainishwa vizuri, na Ijumaa wanawake wakaipaka chokaa. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote.

Jumamosi maofisa wawili walifika, na pamoja nao mzee mwembamba wa kutoka kusini mwa Tanzania. Barua haikumtaja. Alikuwa ametumia miaka mingi akizunguka kwa Wayao, Wamakua na Wanyasa akinakili chale za wazee kwenye madaftari, na madaftari hayo alikuja nayo kwapani. Mama alishuka kwenye gari la Rabai akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alipoambiwa mgeni yule ni nani, alimshika mikono yote miwili asiiachie. Sijawahi kumwona mama akikimbia, lakini alimvuta yule mzee katikati ya walimu na wazazi, akapita chumba cha mbele, akapita cha kati, huku akicheka na kusema, "Karibu dirishani, baba, karibu dirishani."

Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilimwona mama anasimama. Aliuweka mkono pale pale palipokuwa na chale za bibi yake, akautembeza kushoto, akaurudisha, akautembeza chini. Kidole chake kilitoka na chokaa mbichi.

"Ilichorwa namna gani, mama?" yule mzee akauliza kwa upole, akafungua daftari. "Hebu nichoree hapa."

Mama alichukua kalamu. Aliijua alama ile kwa kidole, kwenye ukuta, si kwa kalamu kwenye karatasi. Alichora mistari mitatu. Akaikata, akachora mitatu mingine imelala zaidi. Kulikuwa na duara, akasema, hapana, nusu duara, juu, au pembeni. Mzee alisema ikiwa imelala hivi ni watu wa hapa, ikiwa imesimama ni watu wa kule, na baina yao ni mwendo wa siku nyingi. Aliniuliza mimi kama naikumbuka. Sikuikumbuka. Nilipitishwa kidole humo tangu utotoni, na sikuitazama hata siku moja.

Mmoja wa wanawake akaanza kulia. "Bibi, si wewe uliyetuma tupake zote?" akasema. "Mwalimu alituambia umesema zote."

Mama aligeuka akanitazama. Haikuwa muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama begani kwangu. Mama akawageukia wageni.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi niliyesema. Uzee, wanangu. Nilitaka papendeze."

Maofisa walikuwa watu wazuri. Walieleza kwamba nyumba za mawe na chokaa za umri ule ziko nyingi pwani, na kwamba kilichoitenga hii kilikuwa ukuta ule. Kabla mwaka haujaisha nyumba ilibomolewa. Wanawake wale hawakumfokea mama. Waliacha tu kumwita kwenye mambo, na watu wakipita mbele ya vile vyumba vya kupangisha walisema, hapa palikuwa na urithi wetu, bibi fulani akaupiga saruji. Nilingoja mama aniulize. Nilingoja miaka saba, jikoni, kanisani, tukichambua mchicha barazani. Hakuniuliza, nami sikusema, na tuliendelea kupikiana na kuulizana hali.

Alifariki katikati ya miaka ya tisini. Kwenye maziko mzee wa kanisa alisimama akamsifu: mkarimu, mcha Mungu, mama wa wengi. Mwisho akashusha sauti. Akasema sote tunajua mama huyu alitukosea jambo moja kubwa, lakini leo, mbele ya jeneza lake, tumsamehe.

"Amina," watu wakaitikia.

Nami, mstari wa mbele, nikaitikia pamoja nao.