Niliziba Sufuria kwa Risasi ya Betri

Nimekosa, wanangu. Wala sikumkosea adui, nimemkosea mjukuu wangu wa damu, kwa mikono yangu na kiburi changu. Msinitafutie udhuru.

Mimi ni bibi wa huku Newala, shule niliiachia darasa la tatu. Lakini kwa asali ya mabibo, nani alinifikia? Nakamua mabibo, yale matunda ya mikorosho, nachemsha maji yake kutwa nzima mpaka yanakuwa mazito, mekundu. Majirani wakionja husema, "Bibi wewe, umewaibia nyuki?" Nami navimba kichwa!

Sufuria yangu kubwa ikatoboka kitako. Uani palikuwa na betri mbovu ya gari. Nikaivunja, nikayeyusha risasi yake kwenye kopo, nikaimimina penye tundu. Ikaganda, ikaziba ndi! Nikajisifu: fundi wa nini?

Msimu huo asali ikazidi utamu. Sikujiuliza kwa nini. Zuhura, mjukuu niliyekuwa nikimlea, ana miaka saba, nikawa namtilia kwenye uji asubuhi na jioni. Kijiko, na kingine. Mapenzi ya bibi!

Mtoto akaanza kushika tumbo. Siku nne choo hapati. Midomo ikapauka. Yeye aliyekuwa akinisomea ujumbe wa simu bila kukwama, sasa anaitazama herufi kama hawajuani. Nikamwita mvivu. Nikamchapa! Heri mkono huu ungevunjika.

Mama yake, binti yangu, anakaa Masasi, tukampeleka hospitali huko. Daktari, kijana mpole, akaniamkia kwanza. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Dalili hizi zinanitia shaka ya sumu ya risasi. Nyumbani mna betri mbovu? Au chombo mlichokiziba?"

Nilijua! Lile tundu lilinijia machoni. Lakini binti yangu alikuwa ananitazama, nikaona haya.

"Kwangu ni pasafi, daktari. Labda huko shuleni."

Mtoto akatolewa damu ipelekwe mbali kupimwa, nasi tukarudi Newala na dawa za tumbo. Na mimi, mjinga mie, nikasema moyoni: risasi kidogo vile itamfanya nini mtoto? Nikaendelea kumtilia asali.

Wiki mbili hazikuisha. Akaanguka mlangoni, macho juu, povu mdomoni. Degedege!

Tukakimbia tena Masasi, yeye kifuani kwangu, sufuria miguuni. Nikaitua mbele ya daktari. "Nimemlisha mimi. Nilikudanganya."

Binti yangu hakunifokea. Alisema tu, "Mama, si uliulizwa?" Ningependa anipige.

Zuhura yu hai, anapewa dawa ya kuitoa ile sumu. Lakini daktari alinieleza: uchachu wa mabibo uliila ile risasi ikachanganyika na asali, na utamu ule uliozidi ndio sumu yenyewe; risasi huingia kwenye damu, ikakaa mifupani, ikapanda kichwani, na kwa mtoto kilichoharibika kichwani huenda kisirudi chote. Sasa anakaa na mama yake. Anaanza upya a, e, i, o, u, na akikosea analia.

Wanangu, sufuria ikitoboka, itupeni. Betri mbovu msiivunje nyumbani. Mtoto akilalamika tumbo, usikimbilie fimbo. Na daktari akikuuliza, sema! Sema hata kama mkweo amesimama hapo! Mimi nilitaka nionekane bibi msafi mbele ya binti yangu, nikampokonya mwanawe akili.