Kiti cha Kaka Yangu

Siku hizi vijana wa baiskeli za mashindano pale Musoma hupimana urefu wa kiti kwa futikamba. Wana kaptula za kubana, wana kofia zenye matundu, wana chupa za maji zinazofanana rangi na soksi. Jumapili moja baada ya ibada walinikuta nimekaa kwenye duka la soda, wakataka niwaeleze sisi wa zamani tulikuwa tunajipimaje. Nikawaambia: kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedeli, ishushe mpaka chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kiuno kuegemea upande, hicho ndicho kimo chako. Walishangaa kwamba ni rahisi hivyo. Sikuwaambia kwamba somo hilo nilikaa nalo kichwani miaka saba bila kulitumia.

Baiskeli ilikuwa ya kaka yangu. Sisi ni watu wa rasi, upande wa Murangi, na baba alipofariki tulibaki watatu nyumbani: mama, kaka na mimi. Kaka alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni. Alichukua samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, akawabeba kwa baiskeli hadi Kiabakari na mara nyingine Bunda. Sikukuu zikifika alifungua keria, madigadi na kifuniko cha cheni, akaupindua usukani chini juu ili alale mbele, akaenda kushindana. Hakuna aliyemfundisha. Mazoezi yake yalikuwa samaki. Alisema mtu aliyezoea kupanda mlima na tenga la sato wabichi, siku akipanda bila tenga ataona baiskeli inamtoroka.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida. Dukani ulikuta rafu na mwenye duka, basi. Sabuni ilikuwa ya foleni, na tairi la baiskeli lilitaka kibali chenye sahihi za watu ambao kila ukienda wametoka. Tairi likichanika watu walilishona kwa uzi wa nyavu, wakatia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, wakaendelea na safari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na wivu. Kaka akilala mchana kwa uchovu, niliichukua baiskeli bila kumwambia na kujifanya nashindana. Siku moja niliteremka kilima kwa mbwembwe, nikavamia jiwe, tairi la nyuma likapasuka ubavuni kiasi cha kupitisha vidole vitatu. Hilo halikushoneka.

Kaka hakunipiga. Alilitazama tairi, akanitazama mimi, akasema, "Wewe unapendaga mbio kuliko akili." Siku ya tatu, alasiri, alipanda mtumbwi wa watu waliokuwa wanavuka kwenda upande wa Kenya kutafuta sabuni na mafuta ya kupikia. Yalikuwa mambo ya magendo, ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyataja. Wenzake walikwenda kununua vitu vya kuuza. Yeye alikwenda kutafuta tairi moja. Ziwa lilikuwa limetulia. Mtumbwi ule haukuonekana tena, wala mtu, wala kasia.

Mtu aliyekufa ana taratibu zake. Analiliwa, anazikwa, watu wanakaa matanga, vitu vyake vinagawanywa. Asiyeonekana hana taratibu zozote. Baba zetu wadogo walikuja wakashauri tuzike mgomba, kama inavyofanywa mwili usipopatikana, ili yeye apumzike na sisi tupumzike. Mama alikuwa mtu wa kanisa, lakini si kanisa lililomfanya akatae. Aliwaambia, "Nizike mgomba, halafu mtoto akirudi nimwambie nini?" Katekista alipokuja kusali, mama alimwelekeza aombee safari, asiombee roho.

Baada ya karibu mwaka tulipata tairi kwa kibali cha mjomba aliyekuwa Bunda. Mama aliniita, akaishika baiskeli usukani, akasema, "Endesha, tule. Lakini kiti chake usikiguse. Akirudi akikute alivyokiacha." Nilikubali haraka. Mtu aliyepasua tairi lile hana mdomo wa kubishana.

Basi nikawa mbeba samaki juu ya kiti kisicho changu. Mimi ni mfupi, nimechukua upande wa mama. Pedeli ikifika chini niliigusa kwa ncha za vidole tu, kwa hiyo kila mzunguko ilibidi kiuno kianguke kulia, kisha kushoto, kutoka nyumbani mpaka Kiabakari. Mwezi wa kwanza nilipata vidonda ambavyo kijana hawezi kumwonyesha mama yake. Halafu vidonda vikapona na maumivu yakahamia nyuma ya goti la kulia, kwenye ule mshipa mnene, yakajenga nyumba hapo. Fundi mmoja wa Bunda alinitazama nikiondoka kibandani kwake akaniita nirudi. Ndiye aliyenifundisha habari ya kisigino. "Mdogo wangu," alisema, "hiki kiti ni cha mtu mwingine. Lete nikishushe, dakika moja tu. Utakuja kutembelea fimbo." Nikamwambia siku nyingine. Kila nilipopita aliniuliza, na kila mara nikamjibu hivyo hivyo, mpaka akachoka.

Mwaka wa pili nilipeleka samaki wakavu hadi Mugeta, mahali ambapo sikuwahi kufika. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia kando ya njia aliniona kwa mbali, akaacha jembe, akapaza sauti akicheka, "Wewe mwongo! Si ulisema utaniletea samaki wa furu kabla ya Krismasi?" Nilipomkaribia kicheko kilikauka. Alinitazama usoni, akatazama baiskeli, akaomba radhi. Nilimuuliza amenifananisha na nani. Akasema, "Nimeona mgongo."

Njiani nilifikiri maneno hayo mpaka nikayaelewa. Kiti kile kilinikunja kama kilivyomkunja kaka. Kilinitupa mbele juu ya usukani wake, mabega juu, shingo chini, na kwa mbali, kwenye vumbi, mimi sikuwepo. Alikuwepo yeye.

Ndipo nilipoelewa na mambo ya nyumbani. Njia ya kwetu ina kona yenye ua wa minyaa, na mtu akitokea pale anaonekana kutoka uwanjani. Kila nilipotokea, mama alisimama. Hata kama alikuwa anachambua dagaa, au ana mgeni, alisimama, akapangusa mikono kwenye kanga, akatembea hatua kadhaa kuja kwangu kwa haraka isiyolingana na umri wake. Kisha alipunguza mwendo, akasema, "Umefika, mwanangu. Samaki wameisha?" Miaka miwili nilidhani ananipenda kuliko mama wengine wanavyopenda watoto wao. Nilikuwa namsimulia kila mtu.

Nilikasirika, sitaficha. Kwa siku kadhaa nilishuka kabla ya kona na kuikokota baiskeli mpaka nyumbani. Mama hakusimama. Aliniangalia tu nikija, akaendelea na kazi zake, na siku hizo hakula vizuri. Basi nikarudi kuendesha. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanitisha. Kaka alikuwa na mazoea ya kutoa mkono wa kushoto kwenye usukani na kuuweka pajani alipokaribia nyumbani, kama bwana mkubwa. Nikaanza kuuweka mkono wangu pajani kwenye kona ya minyaa. Nikainamisha shingo zaidi. Nilikuwa namchezea mama mzimu wa mtoto wake, na yeye alisimama, na mimi niliona uso wake ukiwaka kabla haujazima, na kesho yake nilirudia.

Siku moja nikiwa peke yangu katika mteremko wa kutoka Kiabakari, nilijikuta mkono wa kushoto uko pajani. Sikuuweka. Niliogopa hata nikasimamisha baiskeli na kushuka, nikakaa kwenye majani nikimngoja aliyekuwa anaiendesha aniambie anataka nini.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya Musoma yakajaa kama si yale yale. Tairi ziliningʼinizwa nje kama mikungu ya ndizi, na baiskeli mpya zilipangwa kibarazani zimefungwa makaratasi. Mitumba ikaingia na vioja vyake. Nilinunua kaptula nyeusi ya kubana iliyoshonewa sifongo makalioni, na muuzaji akaniapia kwamba ni ya wagonjwa wa bawasiri, wazungu wakipona wanazitupa. Nilimwamini, nikainunua hivyo hivyo, kwa sababu kwa vile nilivyokuwa nakaa, nilijihesabu mgonjwa. Wenzangu niliokuwa nafanya nao mazoezi ya mashindano walinunua baiskeli zao. Mimi pia ningeweza. Waliniuliza kwa nini ningʼangʼanie chuma chakavu. "Angalau shusha kiti," mmoja alisema. "Unaendeshaga kama mtu anachungulia ukuta." Nilicheka nao. Ningewaeleza nini? Kwamba nikibadilisha baiskeli, kaka anakufa?

Mwaka huo tulishindana kutoka Musoma kwenda Butiama na kurudi. Nilikuwa na pumzi kuliko wengi wao, maana nami nililelewa na tenga la samaki. Lakini kwenye mpando wa kuingia Butiama goti lilikatika, siwezi kusema vingine. Mguu ulikataa kuinuka. Nilianguka taratibu ubavuni, kwa aibu, mbele ya wanafunzi waliopangwa kushangilia. Nilipakiwa nyuma ya pikapu na baiskeli yangu, na kutoka barabarani hadi nyumbani niliikokota. Mama aliiona ikitokeza kwenye minyaa, kiti kitupu, na mimi pembeni nikichechemea.

Alinikanda kwa maji ya moto na chumvi kwa wiki mbili. Asubuhi moja, uvimbe ulipopungua, alikaa karibu nami akasema, "Hilo goti limeanza lini?"

"Zamani, mama."

"Ni kiti?"

Nikauvuta mguu pembeni. Akasema, "Nilikuambia usikiguse. Sikukuambia uharibike."

Nikamwambia kiti kiachwe palepale. Baiskeli mpya zipo dukani, nitanunua yangu, hii tutaiweka ndani ikae. Alitikisa kichwa.

"Ukija na nyingine, nitamwona wapi?" alisema. Alikuwa anaongea na mikono yake. "Nilikuwaga najua ni wewe. Usifikiri mama yako ni mjinga. Lakini kabla sijajua, kunakuwaga na hatua kama kumi. Hizo hatua kumi nilikuwa nazingojea toka asubuhi." Akaligusa goti langu. "Sasa zimekula mguu wako. Watoto wangu ni wawili. Mmoja sijui aliko. Wewe najua uliko, na huwezi kutembea. Lete hiyo spana."

Nati ililegea, lakini chuma cha kiti kilikuwa kimeshikana na fremu kwa kutu ya miaka. Tulimimina mafuta ya taa, tukangoja. Nilizungusha kiti kikakataa. Nilijaribu tena bila nguvu nyingi, nadhani nilitaka kikatae. Mama aliingia jikoni akatoka na mchi wa kinu, akanisogeza kando, akakipiga kiti mara tatu. Mara ya tatu kilishuka ghafla chote mpaka kwenye fremu. Sote wawili tulibaki tunakitazama. Nilikiinua kidogo kidogo, naye akashika baiskeli kwa mbele, gurudumu katikati ya magoti yake, nikapanda. Nilimwambia habari ya kisigino. Aliinama akautazama mguu wangu ukishuka, akanyoosha suruali yangu gotini ili aone vizuri. "Bado," akasema. Tukakipandisha. "Hapo. Hapo unafika." Akaikaza nati mwenyewe.

"Nenda mpaka barabarani urudi," aliniambia.

Nilikwenda. Sijui niseme vipi bila kuona haya. Kiuno kilitulia. Mguu ulizunguka wote, kisigino mpaka kidole, na nguvu niliyokuwa naimwaga ovyo miaka yote ikaingia kwenye gurudumu. Goti lilinikumbusha tu kwamba lipo. Nilikwenda kasi kuliko nilivyowahi kwenda, njia tupu, na nilifurahi, nikacheka kwa sauti peke yangu. Barabarani niligeuza bila kupumzika.

Nilipotokea kwenye minyaa nilikuwa nimekaa wima. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Aliinua uso, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikiwa juu ya baiskeli ile alinijua pale pale, tangu mbali. Hakusimama. Alikaa hivyo mpaka nilipofika karibu ya nyumba, ndipo akaweka mikono kichwani akapiga ule ukunga ambao kwetu mwanamke haupigi ila kwa jambo moja.

Majirani walikuja wakikimbia, wengine na majembe mkononi. Walimzunguka wakauliza ni nani. Akawaambia ni mtoto wake wa kwanza. Wakatazamana. Mwanamke mmoja akapiga magoti, akamuuliza taratibu amekufa lini.

"Leo," mama akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama uwanjani na baiskeli mkononi, jasho likinitoka, sijui niiegemeze wapi.