Mafuta ya Mfupa Wangu

Nianze na mwenye makosa. Ni kontrakta yule wa Kawangware, mwenye kujengesha ghorofa kwa ngazi zilizooza. Nilipoanguka paja likavunjika, alisema, "Mpandisheni haraka, kazi inatungoja." Wakanitupa nyuma ya pikapu, mguu unaning'inia, hata kuufunga ubao hakutaka. Akisoma hapa, asome.

Hospitalini mama watoto wangu alikuja na kile watu wetu humletea kila aliyevunjika mfupa: supu ya miguu ya ng'ombe, nzito hadi inashika midomo. Aliibeba kutoka nyumbani kwetu Silanga, ameifunga kwa leso isipoe. Nikanywa vikombe viwili. Kesho yake nikaanza kuongea na marehemu baba yangu, eti anipitishie karai ya simiti. Halafu nikanyamaza kabisa, napumua mbio mbio.

Haya mengine nilisimuliwa na mama watoto. Daktari wa zamu alisema ni pombe inanitoka mwilini, ndiyo maana naweweseka.

"Huyu? Huyu akinusa chang'aa anapiga chafya," mama watoto akamjibu. "Mwangalie tena, daktari."

Hakuniangalia. Huyo naye simsahau. Daktari wa pili, msichana tu, ndiye aliyeniinua mkono akaona vidoa vyekundu kwapani. Picha ya kwanza ya kichwa ilitoka safi. Akasema hiyo haitoshi, nipelekwe MRI. Hapo ubongo ukaonekana umejaa nukta nyeupe, kama unga uliopeperukia sufuria nyeusi.

"Ni mafuta, mama. Yameziba mishipa midogo ya ubongo."

Mama watoto akaketi sakafuni. "Basi ni mimi. Mimi ndio nimemuua na supu yangu."

Daktari naye akaketi chini, hapo kando yake. Akamweleza supu huishia tumboni. Mafuta haya yalitoka ndani ya mfupa wangu mwenyewe. Ulipovunjika na kutikiswa, yakaingia kwenye damu. Watanipa oksijeni, mfupa utiwe chuma, kisha tungoje ubongo uamke.

Mama watoto akangoja. Siku ya sita nilifungua macho nikamkuta uso umevimba kwa kilio. Nikamuuliza kwa taabu, "Unalia nini?"

"Nyamaza wewe! Mafuta yote hayo umeyaficha mifupani, na mimi nyumbani napika sukuma wiki kwa maji!"

Nilitaka kucheka, mdomo ukakataa. Akacheka yeye, sehemu yangu na yake, mpaka wagonjwa wakageuka kututazama.