Kidonge cha Chini ya Ulimi

Kiwanda cha kuchambua pamba cha Bunda kiliponipunguza kazi, nilirudi Musoma na sanduku moja na mafua yangu ya miaka yote. Tulidhani ni vumbi la pamba. Mtaani kwetu Bweri hakukuwa na pamba, na bado niliamka nikipiga chafya mpaka machozi yananitoka.

Daktari mmoja mgeni, mama wa makamo katika hospitali ya misheni, alinidondoshea matone mkononi, akayachoma kwa sindano ndogo, akasema nina aleji ya vumbi la ndani ya nyumba. Alikuwa na vidonge kutoka kwao. Havimezwi, vinawekwa chini ya ulimi kila siku, muda mrefu, mpaka mwili uzoee vumbi lililomo ndani yake. Cha kwanza nilikiweka mbele yake. Mdomo uliwasha, koo likawasha, hadi masikio kwa ndani. Akanikalisha kwenye benchi nusu saa nzima.

"Kuwasha huku kutapungua," alisema. "Lakini ukibanwa kifua, acha, njoo. Ukiwa na kidonda mdomoni, acha mpaka kipone. Na usimpe mtu."

Niliitikia. Miaka ile nilikuwa naitikia kila kitu. Mama alikuwa amefariki, kazi imekwisha. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani, nami nilipita bila kutamani chochote.

Mdogo wangu alikuja kutoka Kiriba kunisalimia. Ana pumu tangu utotoni, na wiki ile kifua kilikuwa kinamlia. Enzi za uhaba, dawa iliyopatikana nyumbani ilikuwa ya wote. Sikukumbuka kumwonya. Nilitoka kuchota maji. Niliporudi nilimkuta ameinamia meza, mabega juu, midomo imevimba.

"Umekula nini?"

"Kile kidonge chako, dada," alisema kwa shida. "Nimeweka chini ya ulimi, kama unavyofanyaga. Si dawa ya mafua?"

Jirani yetu, fundi seremala, alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikikimbia nyuma. Nakumbuka nilikuwa natazama mashimo ya barabara tu. Sikulia, sikuomba Mungu. Hospitalini walimchoma sindano, wakamwekea oksijeni, na kufikia alasiri pumzi ikarudi.

Daktari alinikuta nimekaa kwenye benchi.

"Nilikueleza?"

"Ulinieleza."

"Kwako wewe, ukifuata masharti, sina wasiwasi na dawa hii. Kwa mtu ambaye pumu yake haijatulia, ni hatari."

Nikaitikia tena.

Nilinunua kufuli la kabati, nikaendelea na dawa, na mafua yakapungua kweli. Mvua zilipoanza nilikwenda Kiriba. Mdogo wangu alikuwa anapepeta mtama uani.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Kwa lipi? Si nilikula mwenyewe."

Akanipa ungo nimsaidie. Nilijaribu kupepeta huku nikimtazama kifua, mtama ukamwagika. Akaniondolea ungo taratibu, akaniambia nikae.